Friji la Mama na Skrini ya Injinia

Mtaa mzima ulimwita Injinia, na hakuna hata mmoja aliyemaanisha. Jina hilo alipewa na dada yake wa tumbo moja, mchana mmoja alipomkuta ameinamia meza ya kulia chakula, mkononi ameshika kile chuma chake cha moto cha kuunganishia waya, nyusi zimeungua ncha, moshi umemzunguka kichwa. "Injinia," dada akamwambia, "hilo daraja litaisha lini, tupate pa kuweka sahani?" Wateja waliokuwa barazani wakipimwa nguo wakalisikia, wakacheka, wakaondoka nalo. Kabla wiki haijaisha hata muuza maji alikuwa akimwita hivyo.

Kazi yake halisi ilikuwa ukarani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Mifuko ya saruji inaingia, mifuko ya saruji inatoka, yeye anaweka tiki. Mtu mzima mwenye mvi, hana mke, hana mtoto, hana hata rafiki wa kumkopesha mwavuli. Alichokuwa nacho ni bodi. Bodi ndogo za kijani zilizojaa vijidude, ambazo mwenyewe aliapa kwamba kila moja ni kompyuta kamili, tena inaingia ndani ya kiberiti. Na kila bodi ilikuwa na skrini yake, upana wa vidole viwili, inayowaka maandishi ya buluu. Akitoka kazini ananawa, anakula huku amesimama, anakaa. Ukimsemesha anaitikia "mm" kwa kila kitu, hata ukimwambia nyumba inaungua.

Dada alikuwa fundi cherehani, na baraza la nyumba ndiyo karakana yake. Aliolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake na cherehani kichwani, na tangu hapo hakuna binadamu aliyempita pale barazani bila kupimwa, kiuno na tabia. Alijua nani anabana tumbo tepu ikipita. Alijua nani anashona gauni la harusi ambayo haitakuwapo. Alijigamba kwamba hajawahi kudanganywa na mtu tangu talaka yake, na kwa kweli watu walimwogopa kidogo, wakazidi kumpelekea nguo. Ukishakuwa na ulimi wa namna ile, watu wanaona afadhali wawe upande wako.

Mdogo wake alikuwa riziki ya ulimi huo kila siku. Kwani alitengeneza nini cha maana? Alitengeneza skrini ya sebuleni inayosema kama kuna joto, katika nyumba ambayo wote watatu walikuwa wakijipepea kwa magazeti. Alitengeneza kengele ya mlangoni inayoandika MGENI kwenye skrini ya jikoni, na kila ilipoandika, mgeni alikuwa ameshaingia, ameshakaa, na anauliza mbona hapewi maji. Akaweka skrini kwenye chungu cha maua cha mama yake, ili ua liweze kusema NINA KIU. Ua likafa. Skrini ikaendelea kusema NINA KIU, mpaka dada akawaita majirani waje kumwona marehemu anayeomba maji.

"Mwache mwanangu," mama alizoea kusema. "Wenzake wanakunywa pombe."

"Afadhali angekunywa, mama. Mlevi huwa analala."

Mama ndiye mtu pekee aliyependa vile vidude. Alikuwa bibi mnene wa zamani aliyepunguzwa na kisukari, macho yameingia ukungu, na kila jioni alivuta kiti chake karibu na meza ya mwanawe akatazama mwanga wa buluu. Hakuelewa hata kimoja. Mwanawe akimweleza habari za waya huu na waya ule, alitikisa kichwa kwa adabu, na kitu kikiwaka alipiga makofi. Dada alipoyasikia hayo makofi kutoka barazani alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asiyasikie. Watu wawili wazima wanashangilia taa, alisema moyoni.

Mama alidungwa insulini kila asubuhi na kila jioni, na mdungaji alikuwa dada, kwa sababu mama mwenyewe haoni vistari vya bomba la sindano. Hapo dada hakuwa na mchezo. Alinawa mikono, akavuta dawa, akagonga bomba kwa kucha kutoa mapovu, akadunga, hata neno hakusema. Kichupa kinachotumika kilikaa kwenye kabati la mama, mahali penye kivuli, kama nesi wa kliniki alivyoelekeza. Vya akiba ndivyo vilivyotakiwa kukaa kwenye ubaridi, visipate joto na visigande. Na akiba haikuwa jambo dogo, maana kliniki ilitoa vichupa vya miezi kwa mpigo, na mama bila dawa ile asingemaliza wiki akiwa amesimama. Hilo wote watatu walilijua.

Friji la jikoni lilifunguliwa kutwa. Kwa hiyo siku moja Injinia akaja na mkokoteni, juu yake friji dogo la mitumba lililotoka kwenye kibanda cha soda kilichofungwa. Akalisugua, akaliweka kwenye ukumbi mwembamba kati ya vyumba, akapitisha waya mwembamba kwenye ukingo wa mlango, na mwisho wa huo waya, ndani kabisa karibu na vichupa, akaning'iniza kihisi cha joto kisichozidi punje ya maharage. Nje, kwenye mlango, akabandika skrini. Akaiwekea na betri yake, umeme ukikatika isizimike.

"Hapa inatakiwa isome kati ya mbili na nane," aliwaambia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema sentensi nne mfululizo. "Tusifungue fungue. Kila ukifungua joto linaingia. Mtu akitaka kujua hali ya dawa, asome skrini."

Skrini ilisoma nne. Mara tano, mara tatu, halafu tena nne. Dada aliguna, akasema hatimaye injinia ametengeneza kitu ambacho hakijafa. Hakusema zaidi ya hapo, lakini ukweli ni kwamba kile kidude kilimpa usingizi. Kila asubuhi akienda kuoga alipita pale ukumbini, akaitupia jicho ile nambari, na moyo wake ukatulia. Asingekubali hilo hata kwa kufungwa kamba, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi, wakaja wageni. Mama wadogo wawili na binamu mmoja mpiga domo walikuja kumjulia hali mama, na mama, kwa kujivuna kwake, akawaongoza hadi ukumbini ili waone alichofanya mwanawe. Injinia akasimama kando ya friji, mikono nyuma, kifua mbele. Wakainama wote kusoma. Skrini ilisema: –127.

Kisha binamu akauliza ile alama ya mbele ni ya nini.

"Ni hasi," dada akasema kutoka mlangoni, tepu shingoni. "Digrii hasi mia na ishirini na saba. Jamani, tokeni haraka, humo ndani kumeshakuwa mwisho wa dunia. Mama, dawa yako umeipata? Maana hapo utaichanja kwa shoka."

Wakacheka mpaka mama mdogo mmoja akashika ukuta. Binamu alitaka kujua kama kwa bei nafuu anaweza kuletewa baridi hiyo kwake, awagandishe wakwe. Injinia alipiga magoti, akaupapasa ule waya kwenye ukingo wa mlango, akausogeza kidogo, na nambari ikarudi kuwa nne. "Ni waya tu," alisema. "Kihisi kikipoteza waya kinatoa hiyo nambari. Ndiyo namna yake ya kusema hakisikii." Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wamesharudi sebuleni na habari, na dada aliisimulia upya kwa kila aliyechelewa, kila mara akiongeza baridi. Mama alikaa akitazama mikono yake, tabasamu limemganda.

Baada ya siku chache Injinia akamwambia dada yake, bila kuinua macho kutoka mezani, "Nimeirekebisha programu. Haitarudia tena ile aibu."

"Aibu yako au ya friji?"

"Mm," akasema.

Na kweli haikurudia. Tangu hapo ile skrini ikawa na adabu ya ajabu. Asubuhi nne, mchana nne, umeme ukikatika nne, ukirudi nne. Injinia, ambaye hajawahi kusifiwa na mtu asiye mama yake, akaanza kujisifu mwenyewe. Alimvuta fundi bomba aliyekuja kuziba koki, akamwonyesha. Alimwonyesha msoma mita. "Friji za dukani zinapanda na kushuka," aliwaambia. "Hili halitikisiki." Fundi bomba, ambaye alitaka kulipwa aende zake, akasema ni ajabu kweli.

Ingekuwa mtu mwenye akili timamu, angejiuliza ni kitu gani duniani hakitikisiki. Lakini hapo ndipo ulipo ugonjwa wa watu wa vidude: kitu kikiwaaibisha wanakitafutia kosa usiku na mchana, kikiwasifu wanakibusu.

Kichupa cha kabatini kikaisha. Dada akaenda kuchukua kipya. Alifungua friji haraka, kama sheria inavyotaka, akatia mkono, akatoa. Kile kichupa hakikuwa baridi. Hakikuwa cha moto pia. Kilikuwa tu kitu cha kawaida, mfano wa kitu kilichokaa mfukoni. Akakigeuzageuza kiganjani. Kisha akaitazama skrini. Nne. Akajiambia kwamba ametoka kupiga pasi, mikono yake imepata moto, ndiyo maana. Yule mwanamke asiyedanganywa na mtu, anayejua tumbo lililobanwa kwa kulitazama tu, alikiona kitu kwa mkono wake mwenyewe na akaiamini skrini aliyoitukana tangu siku ya kwanza. Akafunga mlango upesi ili baridi isitoke.

Haukupita muda mama akaanza kiu. Alikunywa maji ya mtungi mzima, akaomba tena. Usiku alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena, mkono ukipapasa ukuta. Nguo zilizoshonwa na binti yake mwenyewe zikaanza kumpwaya mabegani. Akalalamika miguu inamwaka moto. Akasinzia kwenye kiti pembeni ya meza ya mwanawe, kitu kikiwaka hapigi makofi.

Dada aliitazama hali hiyo kwa jicho la fundi na mara moja akajua sababu. Kwani angekosaje kujua? Dawa ipo, sindano anadunga mwenyewe, friji linasoma nne. Kilichobaki ni mgonjwa.

"Mama, unakula sukari."

"Sili, mwanangu."

"Mama, mimi si mtoto. Sukari ya kwenye kopo imepungua."

"Imepungua kwa chai yenu. Mimi chai nakunywa kavu, unaniona."

"Mbele yangu unakunywa kavu. Nikiwa barazani je?"

Mama alinyoosha mkono wake mkavu, akaapa kwa jina la marehemu mumewe kwamba hajaigusa. Dada alicheka, si kicheko cha furaha. Wagonjwa wote huapa, alisema. Hata walevi huapa. Akalichukua kopo la sukari mbele ya mama yake, akaenda kulifungia kwenye sanduku la vitambaa, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na tepu. Kuanzia siku hiyo, chai ikipikwa, Injinia alipimiwa sukari yake kwa kijiko na dada alisimama pale mpaka kikombe kiishe, asije akamwachia mama yake.

Na angeyaacha ndani ya nyumba, ingekuwa nafuu. Lakini barazani kulikuwa na wasikilizaji, na ulimi wake haukujua kufunga biashara. Akawaambia wateja kwamba amezeeka na kugeuka mlinzi wa sukari. Akamwambia jirani wa mlango wa pili, muuza vipuri vya redio, yaani yule mwanamke anayeuza betri na antena kuukuu, kwamba asimpe mama hata andazi, hata akimlilia, kwa sababu ameanza udokozi wa uzeeni. Watu wakacheka. Mama akawa anasikia yote kutoka chumbani, maana ukuta wa nyumba ile haukuwa na siri. Akaacha kutoka nje kuota jua.

Injinia alijaribu mara moja. "Dada," alisema, "labda tumpeleke kliniki kabla ya tarehe yake."

"Wakamwambie nini? Aache sukari? Hilo namwambia mimi bure, wala hatupangi foleni."

"Ila amekonda sana."

"Wewe hata ua lilikufa ukiwa umekaa nalo meza moja. Leo ndiyo umekuwa daktari?"

Akarudi kwenye bodi zake. Mwanamume mzima, na mama yake anaisha mbele ya macho yake, akanyamazishwa na mzaha wa ua. Kama alikuwa na uti wa mgongo basi aliutumia kubandikia skrini.

Mchana mmoja dada akiwa anakata kola alisikia kishindo. Mama alikuwa ameanguka kati ya kitanda na kabati, ametapika, anapumua kwa kuvuta kwa nguvu, na pumzi yake ina harufu ya tunda lililoanza kuoza. Ukimwita anafungua macho halafu anayafunga. Dada alipiga yowe, akampigia mdogo wake simu kazini, wakamwingiza mama kwenye gari la mteja aliyekuja kuchukua suti, na suti yenyewe ikabaki barazani haina mikono.

Hospitali walimpokea bila maswali mengi, wakamtundikia maji. Maswali yalikuja baadaye. Daktari, mwanamama mfupi mwenye sauti ya uchovu, alitaka kujua anadungwa dawa gani, kiasi gani, na nani. Dada alijibu yote kwa ufasaha, akamalizia kwa kusema kwamba tatizo ni sukari, mgonjwa anakula kwa kujificha, nyumbani wameshindwa.

"Kwa sukari iliyopo kwenye damu yake," daktari alisema, "angekuwa amekula gunia. Huyu ni kama mtu asiyedungwa kabisa. Dawa mnaihifadhi wapi?"

Hapo Injinia akaona zamu yake imefika. Katika korido ya hospitali, mama yake amelala na mpira puani, alitoa simu, akafungua picha ya friji, akaionyesha kwa fahari ya kitoto. "Digrii nne, daktari. Usiku na mchana. Haitikisiki."

Daktari aliitazama picha, akamtazama yeye. "Sijauliza skrini inasema nini," alisema. "Kaniletee kichupa."

Wakaenda nyumbani wote wawili. Dada alifungua mlango wa friji, na safari hii hakuufunga. Alisimama pale, mkono wake umeingia hadi kiwikoni, na ndani kulikuwa na joto la sanduku la nguo. Taa ya ndani inawaka. Mashine inanguruma. Nje, kwenye mlango uliofunguliwa wazi kabisa, skrini inasema nne.

Fundi friji wa barabara ya pili aliitwa, akaja na bisibisi na kiburi chake. Hakuchukua muda. Gesi ilishakwisha, alisema, tena zamani. Hilo ni kabati lenye taa. Akauliza kwa nini hawakumwita mapema, halafu akasoma skrini, akacheka kidogo, akaona nyuso zao, akaacha kucheka.

Injinia alikuwa chini, amepiga magoti mahali palepale alipopiga magoti mbele ya wageni, anaupapasa ule waya. Ulikuwa umekatika kwenye ukingo wa mlango, uliposagwa na kufungwa na kufunguliwa, ncha mbili za shaba zimetazamana.

"Umekatika," dada alisema. "Sasa mbona hiyo takataka yako inasema nne? Mwenyewe ulisema waya ukipotea inatoa ile nambari ya ajabu. Ilikuwa wapi ile nambari?"

Aliendelea kuupapasa waya.

"Nakuuliza, Injinia! Ilikuwa wapi?"

"Niliiambia isiionyeshe." Alisema akiutazama waya. "Kihisi kinaitoa. Hata sasa kinaitoa, imo humo ndani. Niliandika kwamba ikija nambari hiyo, skrini isiionyeshe, irudie ile nzuri ya mwisho. Ili isituaibishe tena mbele ya watu."

Dada akafungua mdomo, na yaliyotoka hayafai kuandikwa yote. Alimwita mjinga, akamwita muuaji, akamwambia kwamba amekaa miaka na miaka akifundisha vioo kusema na alichokuja kuvifundisha ni uongo. Alimwambia kwamba saruji anazohesabu zina akili kumshinda. Fundi friji alikusanya bisibisi yake taratibu akaondoka bila hata kudai ujira. Na mdogo mtu hakujitetea, aliendelea kupiga magoti pale, ameshika ncha mbili za waya, analia bila sauti. Kila alichoambiwa kilikuwa kweli, ndiyo maana dada alikisema kwa utamu namna ile. Alikuwa bado anasema alipofungua sanduku la vitambaa kutafuta khanga safi ya kumpelekea mama, na mkono wake ukagusa kopo la sukari. Akanyamaza hapohapo.

Mama alichukua siku kadhaa kurudi duniani. Alipoweza kuegemea mto, daktari akawaruhusu waingie wote wawili. Injinia hakungoja hata salamu. Alishuka magoti kando ya kitanda akamweleza mama yake kila kitu, gesi, waya, ile nambari, ile programu, na alieleza kwa lugha yake ya waya huu na waya ule, kwa sababu hana nyingine. Mama alimsikiliza kama alivyomsikiliza miaka yote, akitikisa kichwa kwa adabu. Alipomaliza, mama alimwekea mkono juu ya mvi zake.

"Umekosea, baba," alisema. "Umekosea sana. Ukirudi kazini muombe tajiri wako ruhusa, uje unikalie hapa. Sasa nipe maji."

Dada aliwahi kikombe. Alikuwa amekijaza tayari, alikuwa amekuja na khanga iliyopigwa pasi na uji kwenye chupa ya chai. Akakinyoosha. Mama hakukipokea.

"Mama, tulidanganywa wote," dada akaanza. "Friji lilikuwa limekufa, na ile skrini, wewe mwenyewe unajua mwanao alivyo, ingekuwa mimi..."

"Ya friji nimeyasikia," mama alisema. "Nakuuliza ya sukari."

Kwenye kitanda cha pili mtu aliacha kutafuna. Dada alitafuta neno. Siku zote alikuwa na maneno, kwa kila mtu, kwa kila kiuno, na sasa aliyapekua yote hakuona la kumfaa mama yake.

"Yeye alikosea na kidude," mama aliendelea, sauti yake ndogo lakini haikutetemeka. "Wewe nilikuambia kwa mdomo wangu. Nikaapa kwa baba yako. Ukaenda ukanitangaza barazani kwamba mimi ni mwizi, kwenye nyumba yangu mwenyewe, nami nimelala nasikia. Nenda ukawaambie. Kila uliyemwambia, mwambie. Halafu ndiyo urudi unipe maji."

Mama akamgeukia mwanawe, akanywa kutoka mikononi mwake.

Dada alirudi mtaani kwa miguu, kikombe kimesahaulika mkononi. Njia nzima alikuwa akitunga atakavyosema, na kila alipoanza, maneno yalianza na friji, yakapita kwa Injinia, yakafika kwake yakiwa yamechoka na hayana kosa. Akayafuta, akaanza upya. Alipofika hakwenda nyumbani. Alibisha mlango wa pili, kwa yule mwanamke wa betri na antena, na mlango ulipofunguliwa akasema yote kwa pumzi moja, wima, kama anasoma hukumu ya mtu mwingine.

"Nilikwambia mama anadokoa sukari. Hakudokoa. Nilimsingizia."

Jirani alijifuta mikono kwenye gauni, gauni alilomshonea dada mwenyewe. Hakushangaa.

"Mimi nilijua," alisema. "Siku ileile nilikwenda nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia hajala, nikamwamini. Hajambo lakini?"